Dawa ya pamba si ya ruba

Mhariri,

Januari, tukipandikiza mpunga hapa Misungwi, mjukuu wangu alitoka jarubani akipiga mayowe. Ruba wawili walikuwa wamemganda nyuma ya goti, wamevimba kama kunde zilizolowekwa. Vijana wakakimbilia chumvi, mmoja akawasha kiberiti. Niliwazuia. Ruba akichomwa au kumwagiwa chumvi hutapika palepale kwenye kidonda. Nilipitisha ukucha chini ya mdomo, ule upande mwembamba, kisha chini ya mkia, maana hushikilia kwa ncha zote mbili. Wakaachia.

Damu ilichuruzika muda mrefu hata mama yake akaanza kulia. Mate ya ruba yana kitu kinachozuia damu kuganda, basi. Tulimwosha kwa sabuni, tukamfunga kitambaa, jioni anacheza mpira.

Kilichoniandikisha ni jirani. Kesho yake alikwenda duka la pembejeo, akauziwa dawa ya wadudu wa pamba, akaambiwa aimwage jarubani. Maji yetu huteremka jaruba hadi jaruba. Asubuhi nilikuta vyura wameelea, na vitoto vya kambale ambavyo mwezi wa nne vingekuwa kitoweo. Ruba walirudi na mvua iliyofuata.

Tena si kila ruba hunyonya damu. Wapo wanaokula konokono wa majini, na sisi wa kanda hii ya Ziwa tunajua kichocho kinapita kwa konokono gani. Huyo mnyonyaji naye akishiba huanguka mwenyewe, akakaa miezi bila kula. (Wanaomwita mtu king'ang'anizi kama ruba wanamsingizia ruba.)

Ninachokiogopa mimi ni maji ya lambo. Ruba mchanga, mwembamba kama uzi, humezwa na anayekunywa bila kuchuja, akajishikiza kooni au puani. Ng'ombe wangu alitokwa damu pua moja siku kadhaa hadi mtaalamu wa mifugo alipomchomoa mdudu kwa koleo. Mtoto akitokwa damu puani baada ya kunywa maji ya bwawa, apelekwe kituo cha afya, asichokonolewe nyumbani.

Tunaomba afisa ugani afike kabla hatujapandikiza tena. Dukani pale chupa ile bado inauzwa, kwa maelezo yaleyale.

Bibi mkulima wa mpunga,
Misungwi, Mwanza