Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Tuliogombana Juu ya "Ndio Mzee"

Ndugu wanachama wenzangu wa chama cha mashabiki wa rapa Professor Jay,

Mwaka jana niliposimama hapa niliahidi kwamba taarifa ya safari hii itakuwa fupi. Ukumbi mzima mkaitikia "ndio mzee", kama umati unaomwitikia mgombea mwongo kwenye wimbo wake, na mkaangua kicheko. Mlikuwa sahihi kunicheka.

Nimalize kwanza mambo ya ofisi. Ada wengi mmelipa. Wasiolipa wanajijua, na mweka hazina anawajua zaidi. Vikao vya Jumapili vilifanyika vyote isipokuwa viwili, kimoja kwa sababu ya mvua na kingine tulikuwa msibani. Spika ya kuazima tumeachana nayo, sasa tuna ya kwetu.

Kuhusu kanda, lawama nabeba mimi. Tulikubaliana kanda zetu za zamani zihamishiwe kwenye kompyuta kabla ukungu haujazimaliza. Nikapeleka tano kwa fundi mmoja ambaye sitamtaja. Nne zimerudi salama. Ya tano ilikuwa albamu ya "Machozi, Jasho na Damu", ile iliyodurufiwa mtaani, na vile vijino viwili vya plastiki vya nyuma, ambavyo vikivunjwa kanda hairekodiwi tena juu yake, hakuna aliyewahi kuvivunja. Fundi akabonyeza kurekodi akidhani anacheza. Ukiisikiliza leo, Professor Jay anachana vizuri, halafu katikati ya mstari anakatika, inaingia feni ya dukani, na mtu anauliza bei ya chaja. Nimeisikiliza mara tatu nikitumaini wimbo utarudi. Haurudi.

Sasa mijadala, ambayo ndiyo iliyotuleta pamoja tangu mwanzo.

Mwaka ulifunguliwa na ubishi wa zamani: Joseph Haule, yaani Professor Jay, tunamhesabu kuanzia wapi? Wapo wanaoanzia kundi la Hard Blasters, alipokuwa bado akiitwa Nigga Jay, pamoja na Fanani na Big Willy, na wanasema asiyeijua "Chemsha Bongo" anyamaze. Wengine wanaanzia 2001, albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, kwa hoja kwamba jina lilipobadilika na mtu alibadilika. Mimi niko na kundi la kwanza. Uchanaji wa kusimulia kisa kwa Kiswahili kilichonyooka, neno likasikika hata kwenye redio mbovu, aliuanza akiwa na wenzake. Kumfuta Fanani ili Jay aonekane mkubwa ni dhuluma, na Jay mwenyewe haihitaji.

Ubishi wa singo bora ulitaka kutuvunjia chama. Vijana walileta "Kipi Sijasikia" aliyoshirikiana na Diamond, kina mama wakasimama na "Zali la Mentali", na waliobaki tukang'ang'ania "Ndio Mzee". Kura zilipopigwa "Ndio Mzee" ilishinda kwa tofauti ndogo. Kuna aliyepiga kura mara mbili. Tumeshamalizana naye kindugu.

Hoja iliyonigusa zaidi ilitoka kwa mama mmoja aliyekaa nyuma. Alisema "Zali la Mentali" ni hadithi ya bibi yake tu: kijana fukara anapendwa na mwanamke tajiri, maisha yanageuka, sawa na masikini na binti mfalme katika ngano za jioni. Kilichobadilika ni mtaa na lugha ya mtaa, na kiitikio kapewa Juma Nature. Hapo tukaingia kwenye swali la nani alimfundisha Jay mistari. Wengi wetu huwa tunakimbilia Marekani, tunataja wakali wa New York na tunajiona wajuzi. Sikatai, hip hop ilitoka huko, na kila aliyeshika kipaza sauti Dar miaka ya tisini aliwasikiliza. Lakini huko tunajifunza mapigo na mikao. Kisa, mzaha na namna ya kumsema mkubwa bila kumtukana alivipata wapi?

Jibu langu nalitoa hapa mnipinge. Tusikilize "Ndio Mzee" tukiwa tumesahau kwamba ni rap. Yupo mgombea jukwaani, anaahidi makubwa, kila ahadi inaipita ya kabla yake kwa ukichaa, na umati unaitikia kwa utii. Huo ni mkutano wa kampeni mtupu. Na ni ngonjera pia, yaani shairi la kujibizana. Mshairi Mathias Mnyampala alipozieneza ngonjera baada ya Uhuru, wahusika walijibizana kwa beti na mwishoni wakaafikiana, asiyejua akakubali somo la anayejua. Mtoto aliyezaliwa 1975, kama Jay, amezisikia shuleni hata kama hakuzipenda. Jay aliuchukua muundo huohuo akaupindua: maafikiano yanaanza mstari wa kwanza, na anayekubaliwa ni mwongo. Ndiyo maana tunacheka kabla hata hajamaliza ahadi.

Mwanachama wetu mmoja, shabiki wa rapa Fid Q, alisema vina vya Jay ni vyepesi. Nimelifikiria hilo mwaka mzima. Kiswahili karibu kila neno linaishia na irabu, kwa hiyo kina cha silabi ya mwisho ni cha bure, hata mtoto anakiokota. Fid Q anafukia maana chini, unarudia mara nne ndipo unachimbua. Jay anaiweka mezani, halafu kazi yake ni kukuzuia usiondoke hadi kisa kiishe. Kazi mbili tofauti. Ila nakiri kwamba katika nyimbo zake za baadaye zipo beti ambazo kina kimeburuta maana, na tukiwa mashabiki wa kweli tuliseme.

Lililotugawa zaidi ni siasa. Mwaka 2015, miaka 14 baada ya kumuigiza mgombea, Jay aligombea kweli, akashinda ubunge wa Mikumi kwa tiketi ya CHADEMA na kukaa hadi 2020. Wapo wanachama ambao hadi leo wakisikia kiitikio wanamuona yeye jukwaani, na wanashindwa kucheka. Wengine wanasema wimbo umenoga zaidi, kwa kuwa mwandishi wake alikubali kupimwa kwa rula yake mwenyewe. Kikao hicho kilikwisha saa tatu usiku bila mwafaka, nami sikulazimisha.

Hatukubishana tulipoisikiliza "Siku 462", aliyoitoa baada ya ile maradhi ya 2022 iliyomlaza Muhimbili, ICU pekee siku 127. Hakuna aliyetaja vina. Mwisho wa wimbo katibu alizima spika, akapitisha kofia, na kilichopatikana kinapelekwa kwenye taasisi yake inayosaidia wagonjwa wa figo. Risiti mtaiona kwa mweka hazina.

Mwaka ujao tunaanza na "Funga Kazi" ya Hard Blasters, mwanzo hadi mwisho, na asiyesikiliza albamu nzima hapewi nafasi ya kusema. Mwenye kanda yake, hata kama mkanda umekwama, aje nayo Jumapili ya kwanza ya mwezi. Kalamu ya kuzungushia ninayo. Kwa fundi sipeleki tena.

Mwenyekiti wenu