Nirudi Februari au nibaki Japani hadi Agosti?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka mkoa wa Saitama, kaskazini mwa Tokyo. Nina miaka 23, mzaliwa wa Tanga, na nyumbani nasoma shahada ya mipango miji, mwaka wa tatu. Nipo huku tangu mwisho wa Septemba kwa mpango wa vyuo kubadilishana wanafunzi, tunafundishwa kwa Kiingereza. Kufikia tarehe 31 Januari natakiwa niwe nimerudisha fomu yenye swali moja: naondoka muhula huu ukiisha Februari, au naongeza muhula wa pili, unaoanza Aprili hadi mwanzoni mwa Agosti? Zimebaki siku 12 na fomu bado ni tupu.

Niiondoe kwanza habari ya fedha, maana kila ninayemweleza anadhani shida iko huko. Ada nalipa chuoni kwetu, huku sidaiwi. Nilipata ufadhili wa yen 80,000 kwa mwezi, bweni nalipa 28,000, chakula najipikia, na kwa bima ya afya nikiugua nalipa asilimia 30 tu ya gharama. Uhamiaji wanamruhusu mwanafunzi aliyeomba kibali kufanya kazi hadi saa 28 kwa wiki. Mimi nafanya 10, kiwanda cha kufungasha vyakula. Nauli ya ndege mjomba alinikopea kwenye VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa, kwa jina lake, na deni lile nimeshalipa zaidi ya nusu. Nikibaki, ufadhili unaendelea. Fedha siyo kinachoninyima usingizi.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba masomo ninayosoma huku, nyumbani karibu yote hayahesabiwi.

Kabla sijaondoka nilijaza karatasi ya masomo matano nitakayosoma, mkuu wa idara yangu akaisaini. Masomo yale tuliyachagua kwenye orodha ya mwaka uliopita, wala hatukujua. Nilipofika, matatu kati ya yale matano hayakuwa yakifundishwa kwa Kiingereza muhula ule. Mawili yamewekwa Aprili, moja lipo kwa Kijapani tu. Nikapewa wiki moja nichague mengine. Nikachukua uchumi wa Asia, historia ya Japani na takwimu, pamoja na Kijapani cha kuanzia. Shangazi, siku ileile nilipaswa kuiandikia idara. Sikufanya hivyo. Nilikuwa mgeni, nahangaika na kujiandikisha manispaa, kufungua akaunti benki, kujifunza taka zipi zinatolewa siku gani, nikaandika Novemba. Jibu likaja mwezi wa kumi na mbili: yanakubalika yale mawili ya mwanzo tu, na kila moja limehesabiwa krediti 2. Krediti 4, kwa mwaka unaotaka 120.

Hapo ndipo nilipokaa chini nikapiga hesabu. Huku krediti moja ni saa 45 za kazi ya mwanafunzi, darasani na kujisomea. Kwetu, kwa utaratibu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10. Kwa hiyo somo la krediti 2 huku ni saa 90, yaani krediti 9 za kwetu. Masomo yale mawili peke yake ni krediti 18. Aliyeandika 4 alinakili tarakimu tu, hakubadilisha kipimo. Ni kama kununua kitambaa kwa yadi ukahesabu ni mita. Hesabu hii nimeiandika vizuri kwenye ukurasa mmoja, ipo kwenye simu yangu wiki ya tatu sasa, sijaituma. Mkuu wa idara ndiye aliyeniandikia barua ya kunipendekeza. Ni mtu mzima, ananiita mwanangu. Naogopa ataona nimekaa Japani miezi minne nimeanza kumfundisha kazi.

Nikirudi Februari, nawahi muhula wa pili unaoanza Machi. Masomo ya muhula wa kwanza nitayabeba mwaka wa nne, mzigo mzito lakini namaliza na wenzangu. Nikibaki mpaka Agosti, mwaka wa tatu wote unapotea. Nitaurudia na wadogo zangu wa mwaka wa pili, na kuhitimu kunasogea mwaka mzima.

Utauliza, sasa kwa nini nisirudi? Ngoja nikueleze nilichokiona.

Siku nilipokwenda manispaa kuandikisha anwani, kazi ambayo sheria inataka ifanyike ndani ya siku 14, yule mama wa dirishani alinipa kalenda ya taka na ramani. Ramani ina rangi: njano, waridi, zambarau. Akaweka kidole juu ya bweni letu, akainua mkono juu ya kichwa chake. Nikaja kuelewa baadaye kwamba mto ukifurika, pale ninapolala maji yanaweza kufika mita 3. Kila anayehamia anapewa ramani ile, awe Mjapani au mgeni.

Novemba, somo la maafa likatupeleka Kasukabe, humuhumu Saitama. Kuna mfereji wamechimba chini ya ardhi, mita 50 kwenda chini, urefu wa kilomita 6.3, walianza 1993 wakamaliza 2006. Mito midogo ikijaa, maji yanamwagwa ndani ya mashimo makubwa, yanapita mferejini, halafu yanasukumwa kwa pampu mpaka mto Edogawa. Tulishuka ngazi nyingi tukatokea kwenye ukumbi wenye nguzo 59, kila moja kimo mita 18, uzito tani 500. Baridi, giza, sauti ya mtu inarudi mara mbili. Nilipitisha kidole kwenye nguzo kikatoka na tope kavu. Shangazi, machozi yalinilenga. Nikiwa chuo naishi Magomeni, Dar es Salaam, kwa mama mdogo. Mvua ikipiga siku mbili, barabara ya Jangwani inafungwa, mto Msimbazi unaingia majumbani, watu wanapandisha magodoro juu ya makabati. Tope lile nalijua harufu yake.

Profesa aliniona nimesimama peke yangu, akaniuliza kwetu ni vipi. Nilipomaliza kumweleza akasema nguzo kama hizi ni za nchi yenye fedha nyingi, lakini ramani inaweza kuchorwa popote. Wanafunzi wake, kwenye kikundi wanachokiita zemi, kila Aprili wanatembea nyumba kwa nyumba kando ya mto mmoja mdogo, wanawauliza wazee maji yalifika wapi mwaka gani, wanaweka alama, wanalinganisha na vipimo. Akanikaribisha nijiunge. Kazi ile ndiyo ninayotaka kuifanya Msimbazi maisha yangu yote, na sijapata kuona mtu anayeifundisha hatua kwa hatua.

Ila zemi ni ya Kijapani. Yeye atanielekeza kwa Kiingereza, lakini wazee wa kando ya mto hawatanisemesha Kiingereza. Hili nalo linanipa mawazo. Sisi wa masomo ya Kiingereza tunaishi kama kisiwani: bweni letu, madarasa yetu, marafiki zangu ni Mkorea, Mjerumani na Mwindonesia. Kijapani changu chote cha maana nimekipata kiwandani, kwa mama mmoja wa makamo tunayesimama naye kwenye mstari wa kufungasha. Kila zamu ananipa neno moja, nalirudia mpaka tunavua glavu. Nikiondoka Februari, naondoka nikiwa nimeishi Japani bila kuongea na Wajapani, isipokuwa yeye.

Upande wa pili yupo mama yangu. Tumezoea kupigiana kila siku yeye akiamka. Hapa ukutani pana saa, na kwa kuwa Japani imetangulia kwa saa sita, saa ile wanayoisoma Wajapani kuwa saa moja mchana ndiyo saa moja asubuhi ya Tanga. Mama akinitajia saa, naitazama ileile ukutani. Wiki iliyopita aliniambia, "Mwanangu, rudi umalize, mengine Mungu atayaleta." Hakunilazimisha. Lakini mdogo wangu amemaliza kidato cha sita, niliahidi kwamba nikipata kazi tu nitambeba chuo, na mwaka wangu mmoja ni mwaka wake pia. Mjomba yeye aliniuliza waziwazi kama nilikopewa nauli nikasome au nikatembee. Sikuwa na jibu, maana karatasi ya idara inasema nimesoma krediti 4.

Naomba unisaidie, Shangazi, na wasomaji waliowahi kusoma nje kwa mpango kama huu wanisaidie pia. Ile hesabu ya saa niitume kwa mkuu wa idara moja kwa moja, au nimwombe profesa wa huku aandike yeye, au nipitie kwa msajili, ambako naogopa nitaonekana nimemruka mkuu wangu? Yupo aliyewahi kurudishiwa krediti baada ya kukataliwa, na alitumia karatasi gani? Na kama krediti haziji kabisa, ni haki nimcheleweshe mdogo wangu mwaka mzima kwa ajili ya kazi ya kando ya mto ambayo haitaonekana kwenye cheti changu?

Mdogo wangu mwenyewe sijamuuliza. Nikimuuliza atasema baki, namjua. Ndiyo maana sijamuuliza.

Wako,
Binti wa Tanga, Saitama