YAH: MALALAMIKO KUHUSU ANKARA YA MATENGENEZO YA PICKUP AINA YA FORD F-150

Isevya,
Tabora.
19 Mei 2025

Meneja wa Huduma,
Tawi la Tabora.

Nakala: Meneja Mkuu, Makao Makuu, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu mwenye ile F-150 ya mwaka 2006, injini ya V8 lita 5.4, usukani wa kushoto. Gari hilo mlilitengeneza mwezi wa nne na nikalipa Sh 3,850,000 zote bila kuomba hata punguzo. Nakala za ankara na risiti ya EFD nimeziambatanisha. Sikatai kulipia kazi. Ninachokataa ni kulipia uharibifu walioufanya mafundi wenu wenyewe.

Gari lililetwa kwenu kwa sababu likishapata moto, likiwa sailensi, yaani limewashwa bila kukanyagwa mafuta, lilikuwa linagonga kwa mbele kama cherehani. Ukikanyaga mafuta, mlio unapotea. Fundi wenu alisikiliza akasema ni feiza, yaani zile gia mbili za mbele ya kamshafti zinazoendeshwa na presha ya oili ili kupanga muda wa valvu. Hapo hatuna ubishi. Ni ugonjwa unaojulikana wa hii injini ya valvu tatu kwa kila silinda, iliyofungwa kwenye F-150 za 2004 hadi 2010. Akashauri tubadilishe na plagi zote 8, maana gari lilikuwa limeanza kumisi. Nikakubali.

Sasa plagi zenyewe. Hizi si za Noah wala Hiace. Za miaka ile ziliundwa kwa vipande viwili, na ncha yake ndefu inazama kwenye tundu jembamba la hedi, yaani kile kifuniko cha juu ya silinda. Masizi yakijijenga pale, plagi inang'ang'ania. Ukilazimisha, kipande cha juu kinatoka na cha chini kinabaki ndani. Ford wenyewe walitoa waraka kwa mafundi wa namna ya kuzitoa: injini iwe imepoa kabisa, plagi ilegezwe kidogo tu, isizidi robo mzunguko, imwagiwe dawa ya kusafishia kabureta, isubiriwe si chini ya dakika 15, kisha izungushwe mbele na nyuma polepole. Mimi ni mfanyabiashara wa asali na haya nayajua. Gereji yenye bango la "wataalamu wa magari ya Kimarekani" inatakiwa iyajue kabla haijashika spana.

Dereva wangu alikuwepo. Gari lilikuwa limetoka Sikonge na mzigo, likaingia kwenu saa tano asubuhi, na boneti iliponyanyuliwa joto lilimpiga usoni. Kijana wenu akavaa glavu kwa sababu ya joto hilo hilo, akachomeka racheti, mpini akauongezea kipande cha bomba ili apate nguvu. Plagi ya kwanza ikatoka nzima. Ya pili ikatoa mlio mkavu. Alipoichomoa, kauri imekatika na ncha haipo. Badala ya kusimama na kumwita mkubwa wake, akahamia ya tatu. Hadi jioni zilikuwa zimekatika 4. Mabaki ya plagi tatu kati ya hizo mliyatoa kwa skrubu na koleo, ingawa kifaa maalumu cha kuvutia mabaki hayo kinauzwa miaka mingi sasa. Plagi ya silinda namba nne, ile ya nyuma kabisa upande wa kulia, iliyojificha chini ya kioo cha mbele, iliwashinda mpaka hedi ikafunguliwa. Dereva alipiga picha vipande vyote vikiwa vimepangwa kwenye kifuniko cha dumu la oili. Picha ninazo.

Tazameni ankara yenu: "Kutoa plagi zilizokatika, 4 × Sh 150,000". Mstari unaofuata: "Kufungua na kufunga hedi ya kulia, Sh 850,000". Jumla Sh 1,450,000. Zilizokatika! Zilikatwa na nani? Nilipouliza pale kaunta nilijibiwa, "Mama, hizo plagi huwa zinakatika tu." Kama mnajua huwa zinakatika, mbona sikuambiwa kabla kazi haijaanza, nikaamua mwenyewe kama gari lilale hapo hadi kesho yake lipoe?

Kibaya zaidi, mlio umerudi. Feiza mpya za Sh 1,240,000 hazikumaliza hata mwezi. Nimelipeleka gari kwa fundi mwingine, akafungua kava la mbele nikiwa nimesimama pale pale. Tenshena, yaani vile vikazio vya cheni inayozungusha kamshafti, ni zile zile za zamani, sili zimechanika, na hapo ndipo presha ya oili inapopotelea kabla haijafika juu kwenye feiza. Gaidi za plastiki zinazoongoza cheni zimelika, kipande kimoja kimeokotwa kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Halafu oili: mfuniko wa kujazia oili umeandikwa 5W-20, nyinyi mmeweka 20W-50 ambayo ni nzito zaidi, na imeandikwa hivyo hivyo kwenye ankara. Hiyo inaweza kulifaa Land Cruiser lililochoka, si injini ambayo feiza zake zinategemea oili nyepesi ipite kwenye vitundu vidogo. Kava mlishalifungua, ufundi nilishaulipia, na tenshena mbili ni pesa kidogo mbele ya feiza. Kwa nini zikaachwa?

Kwa hiyo naomba nirudishiwe Sh 1,450,000 za plagi na hedi. Pia seti nzima ya taimingi, yaani cheni zote mbili, tenshena na gaidi, ifungwe bila kunitoza ufundi, feiza zikaguliwe, na iwekwe oili inayotakiwa. Spea hizo nitazilipia mwenyewe kwa bei ya Dar es Salaam, kwa kuwa hata mngezibadilisha mara ya kwanza ningezilipia. Kazi hiyo asipewe kijana yule. Mleteni fundi kutoka makao makuu.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Baada ya hapo nitapeleka barua hii, picha na ankara Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mlaji pia. Wakati huu wa kurina asali nakodi Canter kubeba ndoo kutoka Sikonge na Urambo. Risiti za kukodi nazitunza, na kila wiki inayopita nitaziongeza kwenye madai.

Wenu,

(Saini)
Mteja, mwenye gari

Viambatisho: ankara, risiti ya EFD, picha za plagi, maelezo ya fundi wa pili.