Bastola ya chuma kitupu kwa bajeti ya kawaida: tunavyowashauri wateja wetu

Haupiti muda mrefu bila mteja kuingia dukani akatuambia: "Sitaki hizi za plastiki. Nataka kama ile aliyokuwa nayo marehemu baba, chuma kitupu, nyundo inaonekana kwa nyuma. Ila mfuko wangu mnaujua." Mara nyingi ni mfanyabiashara wa Kariakoo anayefunga duka usiku na mauzo ya siku nzima, au mtu mwenye shamba upande wa Mkuranga. Tunamwelewa. Bastola ya chuma ni nzito, na uzito huo unameza msukumo wa kurudi nyuma inapofyatuka. Vipuri vyake vinabadilishika, na ikitunzwa inamzika mwenyewe. Shida ni huko kutunza, kwa sababu katika jiji hili la Dar es Salaam bastola nyingi hazifi kwa kufyatuliwa sana. Zinakufa kwa kutu, zikiwa kabatini.

La sheria tulimalize haraka. Silaha za raia Tanzania zinaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni inatangulia, silaha inafuata. Muuzaji lazima awe na leseni ya biashara hiyo, na fundi anayeifungua vivyo hivyo. Bastola ya bei ya kutupwa inayouzwa na "jamaa fulani" bila karatasi, au yenye namba iliyosuguliwa, hatuipokei hata kwa ushauri. Na silaha ya marehemu haihami kwa maneno ya kikao cha ukoo. Inapelekwa polisi kwanza, kisha anayeitaka anaomba kwa jina lake.

Sasa tuje kwenye uchaguzi. Kabla ya kuchagua bastola, chagua risasi. Mtu anapiga hesabu ya bei ya silaha na kusahau kwamba atatakiwa kuilisha. Risasi ya 9x19 mm (kipenyo milimita tisa, urefu wa ganda milimita 19) ipo tangu mwaka 1902, kazi ya Mwaustria Georg Luger, na ndiyo risasi ya bastola inayotumika zaidi duniani. Ni rahisi kuipata kuliko nyingine na bei yake inavumilika. Risasi ya .45, yenye kipenyo cha milimita 11.43 hivi, ina sifa kubwa kwenye sinema, lakini kila ukifyatua unasikia pochi inalia. Mwenye bajeti ndogo akinunua bastola ya .45 huishia kufanya mazoezi mara chache mno, na bastola isiyozoeleka mkononi ni hatari kwa mwenyewe kuliko kwa jambazi.

Kuna jambo moja hapa linachanganya watu. Makarov ya Kirusi, iliyoanza kutumika jeshini mwaka 1951, inaitwa "tisa" na CZ 75 ya Kicheki, inayotumia 9x19, inaitwa "tisa", lakini risasi zao ni tofauti. Makarov hutumia 9x18, ganda lake ni fupi na kichwa chake ni kinene kidogo. Usikubali kuuziwa kasha la risasi kwa kuambiwa "hizi ni tisa tu". Soma maandishi kwenye mtutu, kisha soma kitako cha ganda.

Kwa wanaopenda umbo la zamani, mazungumzo huanzia kwenye bastola inayoitwa 1911. Ilibuniwa na John Browning wa Marekani, jeshi la nchi hiyo likaipokea mwaka 1911 na kukaa nayo kama bastola yake kuu hadi 1985. Inakaribia kilo 1.1 ikiwa tupu, magazini yake ya asili (kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini) ina risasi saba za .45, na triga yake, yaani kifyatulio, inakwenda nyuma moja kwa moja badala ya kuzunguka kwenye pini, ndiyo maana wapiga shabaha wanaipenda hadi leo. Haki ya ubunifu ilikwisha zamani, kwa hiyo viwanda vingi vinaitengeneza. Za bei nafuu zinazoheshimika zinatoka Ufilipino, kwa Armscor wa Marikina, na Uturuki, kwa Tisas wa Trabzon na Girsan wa Giresun. Wote hao wanazo pia za 9 mm, na kwa mwenye bajeti ya kawaida hizo ndizo tunazosukuma.

Utasikia mabishano ya chuma cha kufua, yaani kilichogongwa kikiwa moto, na chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa. Fremu, yaani kiunzi cha bastola, za Armscor zinasubiwa kwenye kalibu, za Tisas zinafuliwa. Kwenye karatasi cha kufua ni imara zaidi, na bei zikilingana tungechukua hicho. Lakini kwa mtu anayepiga risasi chache kwa mwaka, fremu iliyosubiwa vizuri haitavunjika maishani mwake. Vitakavyomsumbua ni vidude vidogo, hasa ndoana inayovuta ganda nje ya chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu risasi inamokaa. Kwenye 1911 ya asili ndoana hiyo ni kipande kirefu cha chuma kinachojikaza chenyewe kama springi. Ikilegea, maganda yanaanza kukwama, na kuirekebisha kunahitaji fundi anayejua, siyo koleo la nyumbani.

Ukituuliza sisi, pesa ya kawaida inanunua uhai mrefu zaidi kwenye CZ 75. Ndugu wawili, Josef na František Koucký, waliibuni Chekoslovakia, na mwaka wake wa kuzaliwa uko kwenye jina. Ni chuma, ina kilo moja hivi, magazini ya asili inabeba risasi 15, na slaidi (kipande cha juu kinachorudi nyuma kila ukifyatua) inateleza ndani ya fremu badala ya kuikumbatia kwa nje. Mtu mwenye kiganja kikubwa na mwenye kiganja kidogo wote wanaishika bila kulalamika. Imeigwa na Tanfoglio wa Italia, Sarsılmaz wa Uturuki na wengine, hivyo sura hiyo unaipata kwa bei tofauti tofauti. Ukipata yenye herufi B, yaani CZ 75 B, chukua hiyo: ndani ina kizuizi kinachofunga pini ya kupigia risasi hadi triga ivutwe, kwa hiyo ikianguka sakafuni haifyatuki yenyewe. Udhaifu wake unaojulikana ni kipande kinachoshikilia slaidi wazi, ambacho huweza kuvunjika baada ya matumizi makubwa. Ni kipuri kidogo. Nunua cha akiba siku hiyo hiyo.

Browning Hi-Power ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho, na hapo wanaduka wenyewe hatukubaliani. Browning aliianza, akafariki mwaka 1926, na Mbelgiji Dieudonné Saive akaimalizia; ikatoka 1935 na magazini ya risasi 13. Nzee ya Kibelgiji iliyotunzwa ni mali. Iliyochoka itakula pesa kwa vipuri, na nyingi za zamani hazina kile kizuizi cha pini tulichokitaja. Girsan wa Uturuki ana nakala mpya kwa jina MCP35, na kwa mwenye mapenzi na sura hiyo ni njia ya busara.

Walther PP na PPK za Kijerumani bado tunaziona mikononi mwa wazee. Ni ndogo, zinafichika, ila zina kichapo kikali kiganjani kuliko ukubwa wake. Star za Hispania ni imara na nzuri, lakini kiwanda kilifungwa miaka ya 1990 na vipuri ni vya kuwinda. Tokarev ya asili ya Kirusi haina kabisa sefti ya mkono, yaani kitufe cha usalama. Hatuikatai, ila hatumuuzii mtu anayeanza.

Tuje kwenye kutu, maana hapa ndipo pesa inapotea. Anayekaa Mbezi Beach, Msasani au Kigamboni anaishi ndani ya hewa ya chumvi mwaka mzima, na masika yanapoingia unyevu unapenya mpaka kabatini. Rangi ile ya bluu-nyeusi ya bastola za zamani ni urembo zaidi kuliko kinga; jasho la kiganja peke yake linaacha alama ya vidole ambayo baada ya siku chache inakuwa ya kahawia. Mipako ya kisasa ya rangi ya kuoka inastahimili zaidi. Chuma cha pua (stainless steel) kinastahimili zaidi ya hapo, japo nacho hushika kutu kikipuuzwa, hasa kwenye springi na pini ambazo mara nyingi si chuma cha pua. Bei ikiongezeka kidogo kwa ajili ya chuma cha pua au mpako mzuri, lipa. Ikiongezeka kwa ajili ya nakshi na vishikio vya mbao ya thamani, acha.

Adui mwingine ni holsta ya ngozi. Watu wanailaza bastola ndani yake miezi mitatu wakidhani wameihifadhi. Ngozi inanyonya unyevu na ina dawa za kiwandani zinazokula chuma. Holsta ni ya kubebea. Ukifika nyumbani, itoe. Na mafuta ya nazi, tafadhali, yabaki jikoni. Yanaganda na kugeuka gundi. Mafuta ya cherehani yanalainisha ila kinga yake dhidi ya kutu ni ndogo. Tumia mafuta ya silaha, tone moja kwenye reli za slaidi na tabaka jembamba kwa nje, na mtutu uupitishie kitambaa kikavu kabla ya kupiga.

Kwa bastola iliyotumika, sisi tunaanza kwa kuhakikisha ni tupu, magazini nje, chemba imetazamwa na kuguswa kwa kidole. Kisha tunaifungua na kumulika mtutu. Vijishimo vidogo ndani si mwisho wa dunia. Pete nyeusi inayozunguka mtutu kwa ndani ni mbaya, maana inaashiria uliwahi kuvimba risasi ikikwama, na hiyo hatununui kwa bei yoyote. Tunaangalia nyufa kwenye reli na pembeni mwa tundu la kutolea maganda. Tunakoki nyundo na kuisukuma kwa dole gumba bila kugusa triga; ikianguka, bastola ile inarudi kwa aliyeileta. Namba ya kwenye fremu lazima ilingane na karatasi, tarakimu kwa tarakimu.

Kinachoitwa "bastola mbovu" mara nyingi ni magazini mbovu. Midomo yake ikipinda kidogo tu, risasi inaingia vibaya, na mtu anauza silaha nzuri kwa hasira. Tenga sehemu ya bajeti kwa magazini mbili za ziada za kiwanda kinachoaminika, pamoja na springi kuu ya slaidi. Kwenye 1911 ya .45 mafundi wengi huibadilisha kila baada ya risasi 2,000 hadi 3,000. Ni kipuri cha bei ndogo, na kikichoka slaidi inaanza kuigonga fremu kwa nguvu ambayo haikukusudiwa.

Nyumbani inakaa kwenye kasha la chuma lenye kufuli, lililofungwa ukutani kwa bolti, risasi zikikaa kando. Weka ndani pakiti za kunyonya unyevu na uzibadilishe masika yanapoanza. Chini ya godoro hapana, droo ya kitandani hapana, na watoto wa ndugu wanaokuja likizo wanajua kila kona ya nyumba yako kuliko unavyodhani.

Ukitaka tukague unayoifikiria kununua, njooni pamoja na muuzaji. Yeye aje na leseni yake na bastola ikiwa tupu ndani ya mkoba uliofungwa, wewe uje na karatasi za maombi yako zilipofikia. Ukaguzi unafanyika mbele yenu wote wawili, na tukiona kasoro tunaiandika kwenye fomu ili mjadiliane bei mkiwa na kitu mkononi. Mkija wakati wa mvua, msishangae tukiifuta kwanza kabla ya kusalimiana.