Fulana ya joto kwa mtu asiyehisi joto

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu enzi za marehemu baba, na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Kilichonitoa kimya ni ile taarifa yenu ya fulana za umeme za kuwapasha joto watu walioumia uti wa mgongo. Mwandishi alieleza betri, akaeleza nyuzi za kaboni, akaeleza hata namna ya kuifua. Kisha akamaliza kwa kusema kwamba mtumiaji ataongeza joto mwenyewe mpaka ahisi raha. Ahisi kwa ngozi gani, Mhariri? Na kama hilo halikutosha, akaongeza kwamba sisi watu wa Pwani tuna bahati, kitu hicho hakituhusu kwa kuwa huku hakuna baridi.

Kakangu alikuwa mkwezi. Miaka 11 iliyopita aliteleza mnazini huko Mtwapa akaangukia shingo. Mabega anayahisi, na kidogo upande wa kidole gumba. Kutoka hapo kushuka chini ni ganzi tupu. Ubongo wa mtu asiyeumia uti ukiona baridi hutuma amri kupitia uti wa mgongo: mishipa ya ngozi ijibane, misuli itetemeke. Ukiona joto huamuru jasho litoke. Kwa kakangu amri hizo zinakomea shingoni. Mwili wake hufuata chumba kilivyo. Usiku wa Julai, kusi likivuma na mvua imenyesha, watu wa Majengo wanajifunika shuka moja na kulala vizuri, naye midomo imemkauka kwa baridi na hatetemeki hata kidogo. Anayemwona humdhania yu salama kwa sababu hatetemeki.

Usiku mmoja wa namna hiyo nilimwekea chupa ya maji moto, ile ya mpira. Niliizungushia leso mara mbili nikaiweka miguuni mwake saa 3 usiku. Saa 9 aliniita. Kichwa kinampasuka, uso umekuwa mwekundu, jasho linamtiririka paji la uso na shingoni, na kutoka kifuani kushuka chini ni pakavu. Tukasema ni malaria. Tukamzungushia shuka na leso vilevile alivyokuwa, jirani akaleta tuktuk, tukampeleka kwenye kituo cha afya ambacho sitakitaja. Wakampima presha wakakuta namba ya juu ni 178. Niliwaambia, huyu siku zote presha yake haizidi 95, kuna kitu kinamuumiza. Nikajibiwa kwamba presha ya watu wazima ndivyo ilivyo, imepanda kwa sababu ya mawazo, apewe kidonge alale. Wakamlaza chali! Nililia pale kwenye benchi. Ni muuguzi mmoja mama wa makamo, aliyekuwa anaingia zamu, ndiye aliyeuliza aliumia wapi, akasikia "shingo", akaja mbio. Akamkalisha wima, akamlegeza mshipi, akauangalia mpira wa mkojo kama umejikunja, akakuta haujajikunja. Akafunua miguu. Kisigino cha kulia kilikuwa na lengelenge kubwa kama kiganja changu, na ngozi ya pembeni imegeuka nyeupe. Kakangu hakuhisi chochote, lakini mwili wake ulikuwa unapiga kelele kwa njia pekee iliyobaki, ya kupandisha presha. Muuguzi akanieleza kwamba aliyeumia uti kuanzia kifuani kwenda juu anaweza kupatwa na hali hiyo kwa sababu ya kibofu kilichojaa, choo kilichokwama, kidonda au kuungua, na kwamba presha ya namna hiyo inaweza kupasua mshipa wa ubongo. Kidonda kile kilichukua miezi minne kupona. Miezi minne kakangu hakukalia kiti chake cha magurudumu.

Muuguzi yule aliniambia jambo jingine ambalo mwandishi wenu alistahili kulitafuta. Tangu 1947, watafiti wawili wa Marekani, Moritz na Henriques, walipima na kuonyesha kwamba ngozi ikigusana na kitu chenye nyuzijoto 44 kwa muda wa saa 6 huungua. Kitu cha nyuzijoto 44 ukikishika hukiiti moto, unakiita vuguvugu. Mimi na wewe tukikilalia tunajigeuza bila hata kuamka. Asiyehisi hajigeuzi. Kwa hiyo habari ya kwamba fulana "haichomi, inatia vuguvugu tu" haimsaidii mtu wa namna hii. Ndiyo hatari yenyewe.

Mimi ni fundi cherehani na nimewahi kulifumua koti la umeme. Mteja wangu mwendesha pikipiki aliletewa kutoka ng'ambo, zipu ikakatika, nikafungua bitana. Ndani mlikuwa na vitambaa vitatu vyenye nyuzi nyembamba nyeusi, viwili kifuani na kimoja kiunoni, na waya unaokwenda kwenye mfuko wa betri. Kifuani palikuwa na kitufe kimoja kidogo chenye taa ya rangi tatu, nyekundu kwa joto kali, nyeupe kwa la kati, buluu kwa dogo. Nilitafuta kipimajoto upande unaogusa ngozi, sikukiona. Kile kitambaa cha kiunoni kilikaa pale pale ambapo mtu wa kiti cha magurudumu anaegemea kutwa nzima, mahali ambapo damu tayari inapita kwa shida. Na kitufe chenyewe, kakangu hawezi kukibonyeza. Vidole vyake havikunji.

Na mwandishi anayesema Pwani hakuna baridi aende ofisi za mjini. Mwaka jana tuliitwa kwenye ofisi moja kupiga mhuri fomu ya kakangu, na sharti aje mwenyewe waone kwa macho yao kwamba bado amepooza. Miaka 11! Tulikaa ukumbini kwa muda wa saa tatu na nusu, kiyoyozi kimewashwa mpaka makarani wenyewe wamevaa sweta. Niliomba kizimwe au tutangulizwe, nikaambiwa foleni ni foleni. Tulipotoka, kipimajoto cha kwapani kilisoma 34.8. Bawabu, Mungu ambariki kwa nia yake, akatusukuma juani nje ya lango ili apate joto, na hapo hakuna mti wala kibanda. Nilipokwenda kutafuta tuktuk na kurudi, ngozi yake ilikuwa kama kikaango, kwa maana jasho la kumpoza halitoki. Baridi na joto vilimpata siku moja, kwa ajili ya mhuri. Tuktuk mbili zilitupita kwa sababu ya kiti. Niliandika malalamiko kwenye kile kitabu chao cha maoni. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na aweze kuyafikia maeneo yote. Sikuona kifungu kinachosema akagandishwe.

Sasa naomba hivi. Chapisheni taarifa hiyo upya, ukurasa uleule, kwa herufi zilezile kubwa. Andikeni kwamba fulana ya mtu asiyehisi lazima iwe na vipimajoto vyake upande wa ngozi, visipungue viwili, na ijizime yenyewe bila kungoja kuzimwa na mtu. Andikeni kwamba nyuzi za joto zikae shingoni na mabegani kwa mtu kama kakangu, sehemu anayoihisi, na kamwe zisiwekwe makalioni, kiunoni wala miguuni. Badala ya kitufe iwe swichi yenye ulimi wa kitambaa wa inchi 3 wa kuvutwa kwa meno au kifundo cha mkono. Ulimi huo naushona mimi bure, aje yeyote. Mtu akaguliwe ngozi kila saa, na asilale nayo. Na tena wekeni picha ya chupa ya maji moto imepigwa mstari mwekundu, na muiweke ukurasa wa kandanda, kwa kuwa ndio unaosomwa na vijana wa boda, na wao ndio wanaoumia migongo siku hizi kuliko wakwezi.

Msichelewe. Mpwa wetu aliyeko Qatar aliisoma taarifa yenu kwenye simu na Ijumaa akaniandikia: "Mama mdogo, nimemwonea mjomba fulana hiyo dukani, avaa ukubwa gani?" Kakangu naye ameshaisikia, kila jioni anauliza kama imetumwa. Nimemuuliza mpwa kipimajoto kiko wapi. Ameniambia karatasi iliyomo boksini haisemi.

Fundi cherehani,
Majengo, Mombasa