Dhikri haikimbizwi

Ndugu Mhariri,

Dhikri ya Kadiria, yaani kumtaja Mungu kwa pamoja katika tarika hiyo ya Kisufi, huanza taratibu. Watu husimama safu zinazotazamana, bega kwa bega, khalifa, yaani kiongozi wa dhikri, katikati. "La ilaha illa Llah" (hapana mungu ila Mwenyezi Mungu) hutamkwa yote, kiwiliwili kikiinama na kuinuka. Khalifa akitoa ishara, kasi hupanda na maneno hufupishwa, hata ikabaki pumzi inayokoroma kifuani.

Siku hizi kasi inapandishwa mapema mno. Wazee hukatika pumzi wakaishia "La ilaha". Hapo wamesema "hapana mungu" tu, na kilichobaki, ambacho ndicho imani yenyewe, kimemezwa! Khalifa mzuri husikiliza safu ya nyuma kabla ya kuongeza.

Vipaza sauti navyo vinaharibu. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo aliye mita 85 kutoka kwenye spika husikia robo sekunde baadaye. Yeye anafuata spika, wa mbele wanafuata mdomo, na kiitikio kinapasuka vipande viwili. Kwenye dhikri, zimeni spika za mbali, wekeni nyuma waitikiaji watatu wenye sauti nzito, wautazame mkono wa khalifa.

Waitikiaji,
Unguja