Barua kwa Mjomba wa Mikindani juu ya mashine ya kahawa

London, Juni

Mjomba wangu mpendwa,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta wewe, mkaza mjomba na watoto wote mkiwa wazima, na kwamba upepo wa kusi umeanza kuipoza Mikindani. Mimi ni mzima. Kazi ya karakana inaendelea, na wiki hii peke yake nimefungua mashine saba za kahawa za watu wa majumbani, kwa hiyo ujumbe wako wa sauti, kwamba ile mashine niliyoituma pamoja na mzigo wa meli "inanguruma tu wala haitoi maji," haukunishtua. Kilichonishtua ni kauli ya fundi wa mjini kwamba pampu imekufa na inatakiwa mpya. Naomba, Mjomba, usimpe fundi huyo fedha yoyote kabla hujaimaliza barua hii, kwa sababu pampu iliyoungua hukaa kimya, na hiyo yako haijanyamaza.

Ndani ya pampu hiyo mna pistoni ndogo, isiyozidi kidole changu cha mwisho, inayovutwa na sumaku ya umeme ikaenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wa Tanzania, kama wa huku Uingereza, ni wa hezi 50. Inapovuta maji sauti yake huwa nzito, ya kujikaza. Inapovuta hewa sauti hupanda na kukwaruza kama debe lenye kokoto. Ujumbe wako nimeusikiliza mara tatu, simu nimeibana sikioni, na ninachokisikia nyuma ya maneno yako ni hewa. Tena umesema mwenyewe, kwa kupitia tu, kwamba tatizo lilianza siku ya wageni wa arusi, tanki lilipokauka watu wakaendelea kubonyeza. Hapo ndipo hewa ilipoingia, na pampu ya aina hii, ikishaingiwa na hewa, haina nguvu ya kuitoa peke yake.

Fanya hivi. Chomoa plagi, uondoe tanki, utazame chini yake kwenye kile kitundu chenye mpira kinachopokea maji. Mtume kijana mmoja duka la dawa akununulie bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yenyewe, ulijaze maji safi, ulibane kwenye kitundu hicho na kuyasukuma maji polepole mpaka uhisi yanakataa. Kisha rudisha tanki likiwa limejaa, ulikandamize mpaka likae sawasawa (wajukuu hulirudisha upande, na hilo pekee linatosha kuzuia maji), uwashe mashine, ufungue bomba la mvuke na kuiachia pampu kwa sekunde 15, uipumzishe, urudie tena mara nne au tano. Usiiache ikinguruma zaidi ya dakika moja mfululizo, maana inapoa kwa maji yanayopita ndani yake. Itakohoa, itatema mapovu, halafu utasikia sauti inashuka na kuwa nzito. Ukiisikia sauti hiyo, hewa imetoka.

Ikiwa hewa imetoka na maji bado yanadondoka kwa tone, basi mgonjwa wetu ana chokaa, na hapa naomba univumilie kwa sababu jambo hili ndilo linalonipa riziki huku. Maji ya London hupita katika miamba ya chaki, ndugu wa yale mawe ya matumbawe yaliyojengea nyumba zetu za zamani Mikindani. Vyote viwili ni mabaki ya viumbe wa baharini, na vyote viwili ni chokaa ile ile. Maji ya kisima yanapopita katika matumbawe huyeyusha chokaa kidogo kidogo, usiione kwa macho wala kuionja sana. Ukiyachemsha, hutoka ile hewa ya kaboni dioksidi iliyokuwa ikiishikilia chokaa ndani ya maji, nayo chokaa ikakosa pa kwenda isipokuwa kujibandika kwenye chuma chenye moto. Mkaza mjomba anaijua vizuri: ni yale magamba meupe yaliyomo chini ya birika lake, ambayo hubanduka na kuelea kwenye chai. Katika birika hayana madhara makubwa kwa kuwa mdomo wake ni mpana, lakini ndani ya mashine maji hupita katika vijia vyembamba kuliko mrija wa soda, na gamba moja lililobanduka linatosha kuziba.

Dawa yake ni asidi. Ukitaka kushuhudia, kamulia ndimu juu ya kipande cha tumbawe kikavu, utaona povu dogo likitoka na kusikia sauti yake, chokaa inayeyuka. Ila usitie maji ya ndimu ndani ya mashine, kwa sababu yana sukari na nyuzinyuzi ambazo zitaleta uchafu mwingine, wala usitie siki, maana harufu yake hukaa siku nyingi na haina huruma kwa mipira. Tafuta asidi ya sitriki, ule unga mweupe kama sukari ya kusaga unaotiwa kwenye juisi, upime gramu 20, uzikoroge katika lita moja ya maji ya uvuguvugu mpaka ziyeyuke zote. Mimina kwenye tanki, uwashe mashine, na kabla haijapata moto sana pitisha nusu ya maji hayo, mengine kichwani mwa mashine, pale kahawa inapotokea, na mengine kwenye bomba la mvuke. Zima, usubiri dakika 20, upitishe yaliyobaki. Nimesema kabla ya moto kwa sababu asidi hii ikikutana na chokaa katika joto kali huweza kuacha chembe nyingine ngumu zisizoyeyuka upesi, nasi tutakuwa tumefukuza mwizi mmoja na kumkaribisha mwingine. Wala usiiache ilale humo usiku kucha, maana chombo cha kuchemshia cha mashine hiyo ni cha alumini na asidi itaanza kukila chenyewe. Baada ya hapo suuza kwa matanki mawili kamili ya maji matupu.

Kuanzia hapo, mashine inyweshwe maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati lililokwisha oshwa na mvua za mwanzo, yakachujwa. Hayo hayana chokaa karibu kabisa. Yakikosekana, yachemshe maji ya bomba, uyaache yapoe na kutuama, uyamimine kwa kitambaa na kuyaacha ya chini. Maji ya kisima chenye chumvi usiyatumie hata yakichemshwa, kwa kuwa chumvi haitoki kwa moto na chuma kitaota kutu.

Sasa nije kwenye uchungu wa kahawa, maana umeniambia kwamba hata kabla ya kuziba ilikuwa "chungu kama shubiri, na sio uchungu wa dele," lile birika letu la kahawa. Katika karakana yetu, mteja akilalamika kuhusu ladha au kasi ya maji, jambo la kwanza tunalofanya ni kuiendesha mashine bila kahawa yoyote. Maji yakishuka kwa wingi na kusambaa sawasawa kama mvua nyepesi, mashine haina kosa. Kosa liko kwenye kahawa au namna ilivyosagwa. Yakishuka kwa mstari mmoja upande, wavu wa juu umeziba. Jaribio hilo halichukui hata dakika moja, nalo limeniokoa nisifungue mashine nyingi zisizo na ugonjwa.

Nina hakika nawe utakuta wavu umeziba, kwa sababu nakijua kinu cha nyumbani kwetu. Mkaza mjomba hutwanga buni za Mbinga pamoja na tangawizi kavu na iliki, na kwa kahawa ya kuchemsha hakuna anayemfikia hapo mtaani. Lakini kinu hutoa vumbi na vipande kwa pamoja: vumbi huziba matundu ya chujio, vipande huachia maji yapite bila kukamua kitu, na nyuzi za tangawizi hujisuka kama pamba. Mashine inataka kahawa peke yake, iliyosagwa sawa, mguso wake kama mchanga laini wa ufukweni na si kama unga wa ngano. Kwa chujio la vikombe viwili weka gramu 18 hivi, nawe uhesabu: kinywaji cha gramu 36 hivi kitoke kwa sekunde 25 hadi 30. Kikitoka kwa sekunde 10, chepesi na chenye ukakasi wa kuchachuka, saga laini zaidi. Kikijikokota zaidi ya sekunde 40 kikawa cheusi na kichungu, saga chenga zaidi. Tangawizi na iliki zitiwe kikombeni, au zichemshwe kando, na mkaza mjomba asilichukulie hili kuwa ni kumvunjia heshima.

Wavu wenyewe umeshikwa na skrubu moja katikati. Mashine ikiwa imepoa na imechomolewa, ifungue kwa bisibisi, nao utaanguka mkononi. Usishangae ukiukuta mweusi, unanata, unanuka kama mafuta yaliyokaangiwa samaki juzi. Hayo ni mafuta ya kahawa yaliyochacha, na uchungu ulioulalamikia kwa sehemu kubwa unatoka humo, kwa kuwa kila kikombe hupitia hapo. Uloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni ya vyombo, uusugue kwa mswaki wa zamani, uuinue kwenye mwanga na kuhakikisha kila tundu linaona jua.

Hapo hapo juu utauona mpira wa duara ambao mkono wa chujio, ule unaobeba kahawa, hujibana nao. Ukiubonyeza kwa ukucha na hauingii ndani, umekuwa mgumu, na ndiyo sababu maji yanachuruzika pembeni. Dawa ni kuubadilisha tu. Usiukaze mkono wa chujio kwa nguvu zaidi, utavunja masikio yake.

Limebaki la umeme, nalo nalitaja kwa uzito. Umesema jioni mashine huchelewa kupata moto. Hilo huenda lisiwe ugonjwa: hita ya wati 1,200 iliyotengenezwa kwa volti 230, umeme ukishuka hadi volti 180, hutoa wati 735 hivi, kwa sababu nguvu hushuka kwa kasi kuliko volti. Subirini kidogo, au pikeni mapema. Lakini mashine ikikataa kabisa kupata moto wakati taa yake inawaka, huenda fyuzi ya joto imekatika, jambo ambalo hutokea hita ikiwaka bila maji. Fyuzi hiyo hukatika mara moja tu, haijirudishi, na fundi yeyote atakayekwambia ataiunganisha kwa kipande cha waya mwondoe nyumbani kwa adabu. Mwezi uliopita nililetewa hapa mashine iliyofanyiwa hivyo. Kitako chake cha plastiki kilikuwa kimelegea na kuinama kama mshumaa, na mwenyewe alikuwa ameiacha ikiwaka akaenda kuoga. Na ikiwa swichi kuu ya nyumba inajikata kila mashine inapowashwa, msiirudishe mara ya pili. Umeme unavuja kwenye hita au kwenye unyevu, na hapo aitwe fundi umeme mwenye kipimo. Huyo akifungua kifuniko, mwambie atazame pia mende, kwa maana hupenda joto la humo, na nimeshawakuta wamezaliana juu ya saketi yenyewe.

Najua utacheka na kusema dele la babu halikuwahi kuhitaji barua ndefu kama hii. Ni kweli, Mjomba, ila nalo ukilichungulia ndani utayakuta magamba.

Binamu anasafiri kuja huko mwisho wa mwezi ujao, nami nitampa mpira mpya na fyuzi ya akiba. Tafadhali nipimie mpira wa zamani kwa rula: upana wake kutoka ukingo hadi ukingo, upana wa tundu la katikati, na unene, vyote kwa milimita, kwa sababu unene ukikosewa kwa nusu milimita tu mkono wa chujio hautafunga. Ukishatoa hewa, nirekodie tena sauti ya pampu, safari hii simu ikiwa karibu na mashine na watu wote wakiwa kimya.

Nisalimie mkaza mjomba na wote hapo nyumbani.

Ni mimi mpwa wako